Nywele za Kinyozi

Chumbani kwetu, 6 Januari

Mdogo wangu Bibi Chupa,

Salamu ninazokutumia ni nyingi, chukua zinazokutosha, zilizobaki mpe mama. Mimi nipo, mgongo nao upo, tunavutana hivyo hivyo.

Barua yako ilifika siku ya zamu ya tanuri. Niliiacha kwenye mfuko wa suruali safi, nikaifungua baada ya kuoga. Nikasema moyoni, leo dada yangu kanikumbuka. Kumbe unataka nywele.

Nilipowasomea wenzangu, Mrefu aliuliza kama huyo dada ni mkemia kweli au ni mganga, maana yeye ajuavyo, anayeomba nywele za mwenzake hana nia njema. Nikamwambia ni mkemia, mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwenye maabara ya serikali ya kwetu, na anataka kujua ni risasi kiasi gani imetuingia mwilini. Risasi hii ya kwenye betri, si ile ya bunduki. Babu Jiko akasema zote zinaua, moja tu ndiyo ina haraka. Tulicheka, lakini kila mmoja alikaa kwenye benchi nimnyoe bila kubembelezwa.

Unajua mimi ndiye kinyozi wa chumba. Siku ya mapumziko nawanyoa wote nje, malipo ni chai. Nimefunga nywele za kila kichwa kwenye karatasi yake na kuandika jina lake la utani juu. Wapo vijana wa juzi, na sisi tuliokula chumvi tupo. Zangu nimeziandika Kinyozi.

Kazi ya huku ugenini ni ileile. Tunavunja betri mbovu za magari, tunamwaga asidi, tunatoa risasi, tunaiyeyusha na kuimimina iwe vipande kama matofali. Daktari wa kiwanda hutuambia tutoe ulimi, anautazama, anasema vizuri. Sijui anatafuta nini kwenye ulimi, labda uongo.

Wenzangu hawaamini habari zako, basi nikawapa ile ya pete. Ulivyoitumbukiza pete ya mama kwenye chupa ya siki ujue kama ni dhahabu, siki ikageuka kijani, mama akatuchapa wote wawili, wewe kwa pete na mimi kwa kucheka. Ukalia, lakini ulikuwa unalia huku unaiangalia chupa. Siku ile nilijua huyu hatapona.

Na nasikia mama bado anawasimulia wageni kwamba niliacha shule ili wewe usome. Mwache, inampendeza. Wewe na mimi tunajua niliacha kwa sababu shule haikunipenda na mimi sikuipenda, tukaachana kwa amani.

Kaka yako, kinyozi


Maabara, 29 Januari

Kaka mpendwa,

Kifurushi kimefika, na karani wa posta alinitazama kwa shaka ileile ya rafiki yako Mrefu, kana kwamba mimi ni mganga. Wape wote shukrani zangu, kichwa kwa kichwa.

Nilipoingia hapa mwaka wa kwanza walinipa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka wa pili pia. Wageni wakija, mkuu wa maabara alikuwa akiniita nilete chai, nami nilikuwa na shahada sawa na ya kwake. Niliviosha vyombo vile, kaka, mpaka vikaimba. Leo hakuna mtu humu anayethubutu kusema vipimo vyangu vina uchafu, maana ndimi niliyewafundisha usafi.

Sasa mashine kubwa ya kupimia madini iko mikononi mwangu. Unayeyusha unywele kwenye asidi, unaunyunyiza kwenye mwali wa moto, mashine inapitisha mwanga humo na kukuambia mwali umemeza kiasi gani. Kadiri risasi ilivyo nyingi ndivyo mwanga unavyopungua. Ni kama mtu anayekuambia ukweli kwa kunyamaza.

Mwezi wa saba wakemia wa nchi nyingi watakutana hapa jijini. Nimepewa nafasi ya kusoma kazi yangu mwenyewe, na kabla yangu hakuna mwanamke wa kwetu aliyepanda jukwaa lile. Mkuu alijitolea kunisomea. Alisema ukumbi ni mkubwa na sauti yangu ni ndogo. Nilimjibu kwamba kuna kipaza sauti. Lakini nikikosea, halitakuwa kosa la mtu mmoja. Watasema wanawake wamejaribu, wameshindwa, mlango ufungwe. Kwa hiyo nywele zenu nitazipima polepole.

Mama ameiweka picha yako ukutani. Anawaambia majirani kwamba huna hata mvi moja, umemkwepa baba, ambaye kichwa chake kilikuwa cheupe kabla hatujazaliwa. Mimi zimeshaanza, mbili tatu, juu ya sikio.

Mdogo wako


Maabara, 27 Februari

Kaka,

Sikungoja ujibu. Nataka urudi nyumbani. Omba likizo, na wakikunyima, acha kazi. Nina chumba cha ziada, nina mshahara, hutakosa chochote.

Kabla ya hapo usile chochote kiwandani bila kunawa. Usilale na nguo za kazi. Kunywa maziwa.

Je, tumbo linakuuma? Mikono inatetemeka? Unasahausahau? Nijibu kwa kila moja, na usifanye utani.

Nakupenda sana, kaka. Sidhani kama niliwahi kukuandikia hivyo.

Mdogo wako


Chumbani, 15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote shuleni, na sijaielewa. Tumbo linauma nikila maharage ya kantini, kama la kila mtu. Mikono haitetemeki, uliza masikio ya wenzangu, hakuna aliyekatwa. Kuhusu kusahau, nimesahau.

Sasa na mimi nikuulize. Mama anaumwa mnanificha? Au wamekufukuza huko? Au unaolewa, na hutaki kusema mpaka nifike nimkague bwana mwenyewe? Mrefu yeye anasema umeona aibu. Anasema dada akishakuwa mtu wa kupanda jukwaa, hapendi kaka yake awe mvunja betri. Nilimtetea dada yangu kwa maneno makali, kisha jioni nzima nikawa nalifikiria jambo hilo.

Kuja siwezi. Mwezi wa sita nyapara anatupanga mstari na kuchagua wa kuongezewa mkataba. Asiyekuwepo, jina lake limekwenda. Mimi sijui kazi nyingine, na sitaki kuwa mgeni wa chumba cha ziada.

Maziwa nakunywa. Babu Jiko anauliza kama nina mimba.

Kaka yako


Nyumbani, 30 Machi

Mwanangu,

Anayeandika ni binti wa jirani, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asirekebishe neno.

Mimi sina ugonjwa wowote isipokuwa magoti, na magoti si ugonjwa, ni umri. Mwenye ugonjwa ni dada yako. Amekuja wiki iliyopita, hakula. Ameniuliza baba yenu alikufa kwa kuumwa nini hasa, na kama alikuwa na tumbo. Ameniuliza kama wewe ulipokuwa mtoto ulikuwa unaugua ugua. Nikamwambia huyo alikuwa haugui hata siku ya mtihani, ambapo ingemfaa. Hakucheka. Amesimama mbele ya picha yako ukutani, akaona kama simwoni, akafuta macho kwa lile koti lake jeupe.

Sasa mimi mama yenu sikusoma, lakini nimewazaa wote wawili. Kuna jambo lako analijua yeye, wewe hulijui. Mwulize. Na ukishaambiwa, na mimi niambiwe, msinifiche kama mtoto.

Kaza kofia, huko ni baridi.

Mama yako


Chumbani, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ameniandikia.

Zile nywele zimesema nini? Sema. Mimi ni mtu mzima, nimebeba vizito zaidi ya maneno.

Kaka yako


Maabara, 22 Aprili

Kaka,

Nisamehe. Nilitafuta namna ya kusema nikakosa, nikasema maziwa.

Nywele zako zina risasi nyingi mno. Nimepima mara ya pili na ya tatu. Niliziosha kwanza kama inavyotakiwa, ili vumbi la kiwandani lisinidanganye. Kwa kiasi hicho, mtu hatakiwi kuwa anaandika barua, achilia mbali kutania. Mrefu naye anakukaribia. Babu Jiko vilevile. Vijana wana kiasi kidogo, si kizuri, lakini kidogo. Maana yake ni rahisi kuiona: risasi inajijenga ndani mwaka hadi mwaka, na ninyi mliokaa sana mmeshajaa. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye hotuba yangu. Niliandika sentensi hiyo kwa mkono thabiti, halafu nikakumbuka kwamba mfano wangu mkuu ni wewe.

Mkuu wa maabara ameisoma, na kwa mara ya kwanza ameniita daktari. Sikufurahi. Mtu anaweza kupata alichokitafuta miaka yote akatamani kukirudisha.

Nina maombi mawili. Nenda hospitali ya mji, siyo kwa huyo mtazama ulimi, watoe damu waipime risasi. Na nitumie nywele tena, zikatwe karibu kabisa na ngozi, na uzifunge kwa uzi upande wa mizizi ili nijue mwanzo na mwisho. Zingoje zikue kidogo kwanza. Kitu nikishakiona cha ajabu sikiamini mpaka nikirudie. Na hiki, kuliko vyote, sitaki kukiamini.

Wenzako waambie wewe mwenyewe, au usiwaambie. Sijui lipi ni jema.

Mdogo wako


Chumbani, 18 Mei

Mdogo wangu,

Nimekawia. Sikujua niandike nini.

Nywele hizi hapa, zimefungwa uzi kama ulivyotaka. Hospitali nilikwenda, damu wamechukua, majibu wanasema yanatoka mji mkuu na hayana haraka. Yule mama aliyenitoa damu aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema aa. Hiyo aa nimeibeba mpaka leo.

Wenzangu nimewaambia Mrefu na Babu Jiko tu. Mrefu alitukana kidogo, kisha akaenda kufua nguo zake zote. Babu Jiko alisema yeye kwa umri wake alishajua ana kitu, ila alidhani ni mapenzi.

Unajua kilichonishangaza? Sikuwa na hofu kubwa kama nilivyodhani. Nilichoka tu. Yale mahangaiko madogo madogo ya kila wiki, kujiweka sawa hivi, kujitengeneza vile ili nyapara asione hiki, nimeyaacha yote. Mtu anayehama hapaki nyumba chokaa. Nafanya kazi, naoga, navaa kofia, nalala.

Redio yangu apewe mama, ila iwekwe mbali na jiko. Mkasi nitamwachia mmoja wa vijana hapa, ana mkono mzuri. Wewe sina cha kukuachia, ulikwisha chukua akili yote ya familia.

Soma hiyo hotuba. Usilie jukwaani. Wakiuliza huyo mfano mkuu ni nani, waambie ni kinyozi, na kwamba hakuwahi kumkata mtu sikio.

Kaka yako


Maabara, 1 Juni

Kaka,

Unapaka nini kichwani?

Nakuuliza huku nacheka na kulia, na karani wa ofisi ya pili ameshakuja kuangalia kama nimevuta hewa ya asidi. Nimefungua karatasi yako, nikaziweka nywele chini ya hadubini kabla ya kuzikata, kama ninavyofanya kila siku. Upande wa nje ni nyeusi tii. Upande wa uzi, upande wa mizizi, ni nyeupe. Nyeupe kama pamba, kaka. Moja baada ya nyingine. Wewe una mvi! Umejaa mvi kama baba!

Nikazikata sehemu mbili, nyeupe huku, nyeusi kule, nikazipima kila sehemu peke yake. Nyeusi zina risasi ileile ya kutisha. Nyeupe zina kidogo tu, sawa na za vijana. Sasa fikiri nami. Unywele huota kutoka ndani. Kama risasi ingekuwa mwilini mwako, ile sehemu iliyoota mwezi huu ndiyo ingekuwa nayo. Haina. Risasi haikutoka kwako kwenda kwenye nywele. Ilipakwa kwenye nywele kutoka nje, na ikang'ang'ania humo hata nilipoosha.

Na wewe hukuniambia, kwa sababu sikukuuliza. Niliuliza habari za tumbo na mikono na maziwa. Sikuuliza swali ambalo ningemuuliza mwanamke yeyote: unatumia rangi gani? Niliona wanaume kumi na kidogo wa kiwandani, nikadhani wanaume hawajipaki. Mkemia mwanamke, kaka, ndiye aliyefanya kosa hilo.

Bila shaka Mrefu naye anapaka, na Babu Jiko. Wazee wanapaka, vijana hawapaki, na mimi nikasema wazee wameshajaa risasi ya kazi. Nilikuwa nipande jukwaani niwasomee mataifa habari za rangi ya nywele nikiziita habari za tanuri. Ile hotuba nimeichana. Mkuu wa maabara ameshika kichwa. Anasema wiki zilizobaki hazitoshi kuandika nyingine, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri, nani angejua. Nikamwambia mimi.

Nitumie hiyo chupa ya rangi. Itume leo. Na uache kujipaka, ngozi nayo hunywa kidogo, na mkono uliopaka ndio ule unaoshika kikombe. Majibu ya damu bado nataka kuyaona. Lakini kaka, nimelala jana kama mtoto.

Jambo moja nalo silielewi. Uliiga wapi urembo?

Mdogo wako


Chumbani, 14 Juni

Bibi Chupa, mkemia wa mataifa,

Nimekaa kitandani, barua magotini, nikacheka mpaka Mrefu akadhani ndiyo dalili ya mwisho. Nilipomsomea alivua kofia, akajitazama kwenye kioo changu cha kunyolea, akasema basi mimi ni mzima na mzee kwa wakati mmoja. Babu Jiko alilalamika kwamba alishaanza kusamehe watu.

Majibu ya damu yametoka jana. Yule mama wa hospitali anasema imepanda kidogo, siyo ya kulazwa, ninawe kabla ya kula, nguo za kazi zisiingie chumbani. Maneno yako yaleyale, ila yeye hakusema ananipenda.

Urembo? Dada yangu, nani wa kujirembea hapa, nimrembee nani, tanuri? Nilikuambia habari ya mstari wa mwezi wa sita. Nyapara hapimi kazi. Anapita mbele yetu na kutazama vichwa. Akiona mvi anasema mzee umetutumikia vya kutosha, na hapo umeshakwisha. Wengi wamekwenda hivyo, watu waliojua kusikiliza tanuri kwa sauti yake. Basi sisi wa umri huu tuna siri yetu. Mchuuzi mmoja hupita nje ya geti na chupa hizo, tunachanga, na mimi kwa kuwa ni kinyozi ndiye ninayewapaka. Siku ya kuwanyoa kwa ajili yako nilikuwa nimewapaka karibuni, tukang'aa kama viatu vya askari. Sikukuficha wewe. Nilikwisha kujificha mwenyewe, nikasahau.

Uliponiambia nakufa niliacha kupaka. Nilisema nyapara sasa atanifanya nini? Nikabakiza kofia tu ya kufunika mvi.

Chupa nimeifunga kwenye soksi, soksi ni safi. Imebaki kidogo. Jina la kampuni halipo, karatasi yake ina picha ya kijana anayecheka. Sasa najua anachekea nini.

Wiki mbili zijazo ni mstari. Kichwa changu ni kama cha baba. Sitapaka. Lakini sitakudanganya, dada, usingizi uliorudi kwako kwangu umekatika tena. Kutokufa ni jambo zuri, ila ukishahakikishiwa unaanza kuulizia kazi.

Kaka yako


Maabara, 9 Julai

Kaka,

Chupa ilifika salama, nilipima kwanza soksi kwa mazoea. Ndani ya rangi ile kuna risasi iliyoyeyushwa, inayokusudiwa kuugeuza unywele mweupe kuwa mweusi. Nikanunua chupa nyingine sokoni huku kwetu, zenye picha ya kijana yuleyule. Nazo ni hivyo hivyo. Zinauzwa pembeni ya mikate.

Nilipanda jukwaani jana. Sikuwa na hotuba nzuri, nilikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa haraka na jedwali nililochora kwa rula. Nilianza kwa kuwaambia kwamba nilikuwa na jibu zuri, na lilikuwa la uongo, na nitawaonyesha lilivyonidanganya. Niliwaonyesha picha ya unywele wako, nusu nyeupe nusu nyeusi, mkubwa kama mti kwenye ukuta mzima. Ungejiona.

Mzee mmoja msomi wa mbele alisimama akauliza kwa nini wafanyakazi wa tanuri wajipake rangi, si kazi ya warembo. Nilimjibu kwamba mahali pao pa kazi mwenye mvi hufukuzwa. Nikasema, mimi huomba mvi zangu zionekane ili watu kama wewe wanisikilize, na kaka yangu hulipia sumu azifiche zake ili abaki na kazi, kichwa ni kimoja cha baba mmoja. Alikaa. Kisha akapiga makofi, yeye wa kwanza.

Kiwanda nacho sikukiacha. Niliwaambia hata nywele nyeupe zina risasi, na vijana wanayo, na ulimi hauonyeshi kitu. Wizara imeomba karatasi zangu. Rangi ile inaondolewa madukani wakati inachunguzwa. Mkuu wa maabara ananiambia nitakaa kiti chake akistaafu, na leo asubuhi, bila kuombwa, aliniletea chai.

Ile picha uliyopiga bila kofia, uliyoifunga pamoja na chupa, nimempelekea mama. Aliishika akaikazia macho. Akasema huyu si mwanangu, huyu ni baba yenu amerudi kudai kikombe chake. Kisha akaniambia niitoe ile ya zamani ukutani, hii iwekwe mahali pake. Redio yako anasema kaa nayo, hataki ya marehemu aliye hai.

Na mstari? Sijasikia neno. Nimesimama mbele ya watu wa mataifa, na usiku kucha nilikuwa nawaza nyapara mmoja.

Mdogo wako


Chumbani, 20 Julai

Mdogo wangu, mwenye kiti,

Barua yako nimeisoma kwa sauti juu ya benchi la kunyolea, wakanitaka nirudie pale pa makofi. Mrefu ameomba msamaha kwa maneno yake ya zamani kuhusu dada na aibu. Anasema andika kwamba nimeomba, basi nimeandika.

Mstari ulikuwa hivi. Siku moja kabla, Mrefu alikaa kwenye benchi akasema ninyoe hadi chini, utoe rangi yote. Akafuata Babu Jiko, kisha wengine wote wa umri wetu, na wa vyumba vingine wakasikia wakaja. Nilinyoa mpaka kidole gumba kikafura. Sikuwaambia wafanye hivyo. Nadhani walichoka, kama nilivyochoka mimi. Kufikia asubuhi vichwa vilikuwa vimetoa vinyweleo vyeupe, na jua la pale uani lilivipiga vyote kwa pamoja.

Nyapara alitoka na karatasi zake. Alianza mwanzo wa mstari, akatazama, akaendelea, akatazama, akarudi nyuma. Hakuona nani wa kumtoa, maana akimtoa mwenye mvi alikuwa anatoa wote wanaojua tanuri, na tanuri lilikuwa linawaka nyuma yake, likingoja watu. Alisimama mbele yangu. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Nyie mmezeeka lini?"

Babu Jiko akamjibu kutoka nyuma: "Ulikuwa unatazama nywele, bwana."

Vijana walicheka kwanza, na sisi tukafuata, na nyapara akabaki na karatasi zake. Alisaini. Wote. Zaidi ya hapo, hospitali ya mji ilishaandika barua kwa wenye kiwanda kuhusu damu yangu na kazi yetu, na sasa wanajenga bafu na chumba cha kubadilishia nguo, ili uchafu wa kazi ubaki kazini. Mimi nimehamishwa kutoka tanurini, niko stoo, napokea vipande na kuvipanga. Mgongo umeniuliza kama tumekufa tukaenda mahali pazuri.

Yule mchuuzi wa chupa alipita tena. Hakuuza hata moja. Mrefu alitaka kumpiga, nikamzuia. Naye alikuwa na kofia, na chini ya kofia, dada yangu, nilimwona amepaka.

Nimepewa likizo ya mwezi wa tisa. Mwambie mama magoti yake yasisimame kunifungulia, nitajifungulia mwenyewe. Wewe ukija kunipokea stendi usihangaike kutafuta sura, tafuta kichwa cheupe. Nikumbatie kwanza kama dada.

Na uje bila mkasi.

Kaka yako, Mvi